Baba Mustang wa Merrylands

Majira ya baridi ya mwaka 2021, Sydney ilipofungwa tena kwa ajili ya korona, sisi wa magharibi tulifungwa kuliko wenzetu. Wa ufukweni tuliwaona kwenye televisheni wakitembeza mbwa mchangani, barakoa zikining'inia kidevuni. Huku kwetu Merrylands helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa ikituamuru kwa kipaza sauti turudi ndani, na wanajeshi walipita mlango kwa mlango kuuliza kama tupo. Tulikuwepo. Tungekwenda wapi? Mwisho wa dunia ulikuwa kilomita tano kutoka nyumbani, na dukani aliruhusiwa kwenda mtu mmoja tu kwa kila nyumba.

Ushirika wa akina baba wa kanisa letu la Kiswahili ukahamia Zoom, kila Jumamosi jioni. Mwanzoni tuliomba kwa bidii. Tuliwaombea wagonjwa, wauguzi, serikali, na waliopoteza kazi. Lakini mwanamume akishafungiwa ndani na mkewe, watoto wake na mashine ya kufulia inayonguruma mchana kutwa, maombi yake huanza kuishiwa maneno. Ndipo Jumamosi moja mwenyekiti wetu, Kariuki, alipoingia mkutanoni akiwa na gari nyuma yake.

Kariuki ni mtu wa Nakuru. Kazi yake ni ya ofisi ya bima, na wakati huo alikuwa akiifanyia chumbani kwake, juu shati na tai, chini kaptura. Nyuma ya kichwa chake, mahali ambapo sote tulijua pana kabati la nguo, palikuwa na picha ya Dodge Charger nyeusi ya mwaka 1969, imeegeshwa jangwani.

"Wazee, mnaona hiyo mashine?" alisema. "Hiyo nimeiendesha. Ilikuwa ya mzungu mmoja mwenye shamba pale Njoro. Wueh! Ukikanyaga mafuta, pundamilia wanakupisha wenyewe."

Hakuna aliyeuliza swali. Hapo ndipo tulipoharibu. Omollo, ambaye ni muuguzi na mtu mwenye heshima zake, alisema kwamba Kisumu kulikuwa na Pontiac ya daktari fulani, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiipasha moto asubuhi, na mara nyingine kuipasha moto kulifika mpaka Ahero. Mtanzania mmoja akakumbuka Plymouth ya bluu aliyoishusha bandarini Tanga na kuijaribu kidogo, mpaka Korogwe. Mimi mwenyewe, Venant, nilitoa Camaro ya manjano, na niliitoa vizuri. Waamerika wanayaita magari ya misuli: milango miwili, injini kubwa kama jiko la shule, na kiu ya petroli isiyo na haya. Kwa ushuhuda wetu wa majuma yale, Afrika Mashariki na Kati ilikuwa na magari ya misuli mengi kuliko Amerika iliyoyatengeneza. Zoom ya bure, yenye dakika arobaini tu, ilikuwa ikikatika kabla hatujafika kwenye maombi, na hakuna aliyelalamika.

Wilondja peke yake alikuwa hajasema. Huyu ni Mbembe wa Fizi aliyekulia Uvira, mtu mrefu, mpole, aliyepita miaka hamsini, anayeendesha mashine ya kunyanyulia mizigo kwenye ghala moja kule Lidcombe. Siku hiyo alikuwa ametoka kazini, amechomekwa tena kile kijiti cha kupimia korona puani, macho bado yanamtoka machozi. Kariuki akamuuliza, kama mtu anavyomkaribisha maskini mezani, "Na wewe, Papa Wilondja, huko Kongo mlikuwa na magari?"

Wilondja akafuta jicho. "Mimi niliendesha Mustang," alisema. "Ya sitini na sita. Nyekundu. Kutoka Kavimvira mpaka kanisani, Uvira mjini."

Kisha akasimulia, na tofauti ikaonekana. Sisi wengine tulikuwa tumetaja mwendo tu: mia moja themanini, mia mbili, mia mbili na ushee. Yeye hakutaja mwendo hata kidogo.

"Usukani wake ni mwembamba," alisema. "Haushikwi kwa kiganja, unashikwa kwa vidole. Wewe umekaa chini, karibu na lami, miguu umenyoosha. Watu wamesimama pande mbili za barabara, wamama wanapiga vigelegele. Wewe humtazami mtu. Unatazama mbele tu, kama waziri. Ukifika kwenye kona, huigeuzi. Unaiomba."

Omollo alizima kamera. Baadaye alisema ni mafua. Kariuki ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini, "Na mlio wake, mzee?"

Wilondja alifikiri kwa muda mrefu mpaka tukadhani mtandao umekwama.

"Mlio wake," alisema, "ulikuwa kama kwaya."

Tangu hapo akawa Baba Mustang. Tukibishana juu ya tairi au taa za nyuma, mambo yalipelekwa kwake, naye aliamua kwa upole. Ni binti yake tu, Ornella, aliyepita siku moja nyuma yake na bakuli la chakula na kusema kwa Kiingereza, "Dad, you can't even reverse the Corolla," yaani hata Corolla yenyewe hawezi kuirudisha nyuma. Wilondja alituambia mtandao wa kwao ni mbaya, haya maneno hayakufika sawasawa.

Kosa la kulitoa jambo hili nje ya Zoom ni langu na ni la mke wangu, lakini zaidi ni la mke wangu. Bibiane anahudumia wazee majumbani mwao. Hiyo ni kazi iliyoruhusiwa hata helikopta ikiwa juu. Miongoni mwa wazee wake alikuwamo Neville, fundi bomba mstaafu wa miaka themanini na kitu, aliyeishi peke yake karibu na reli. Mkewe alishafariki. Wanawe wawili walikuwa Queensland, jimbo la jirani, na mpaka wa Queensland ulikuwa umefungwa kama mlango wa mbinguni.

Neville alikuwa amekataa chanjo. Si kwamba alikuwa na hoja. Hoja tulikuwa nazo sisi. Zilitufikia zote kwenye WhatsApp, nyingine zikiwa na video ya kijiko kikinata begani mwa mtu, eti chanjo ina sumaku. Neville alikuwa amekasirika tu. Daktari alimpigia simu, akakata. Wanawe walimpigia simu, akawauliza hali ya hewa ya huko ikoje. Wanajeshi walipogonga mlango, aliwauliza vita viko wapi. Lakini asubuhi moja, Bibiane akimpaka mafuta ya goti, mzee alisema, "Nitakwenda kuchomwa. Lakini kwa gari langu."

Akamwonyesha gereji. Ndani, chini ya shuka safi kuliko la kitandani kwake, ilikuwapo Mustang ya mwaka 1966, ya bluu iliyokoza, usukani upande wa kushoto kama ilivyotoka Amerika. Kila Jumapili mzee aliiwasha humo humo gerejini, akaisikiliza, akaizima. Kuiendesha hakuweza tena, kwa sababu goti lilikataa kukanyaga klachi. Na kiti cha abiria cha gari la mtu mwingine, alisema, atakikalia siku akifa.

"Tuna mtu," Bibiane alimwambia, bila kuniuliza mimi wala mwenye mwili, Wilondja.

Jioni ile ile alimpigia Wilondja simu mbele yangu. Wilondja alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza kutafuta mlango wa kutokea.

"Lakini Mama Bibiane, zile kilomita tano?"

"Kliniki ni kilomita mbili."

"Na polisi?"

"Kumpeleka mzee kwenye chanjo ni sababu inayokubalika. Nimeuliza."

"Mimi na yeye si watu wa nyumba moja."

"Ni huduma. Hilo nalo nimeuliza. Utavaa barakoa, dirisha mtafungua."

"Usukani uko kushoto, Mama Bibiane."

"Si ndivyo ilivyokuwa ile ya Uvira?"

Tulisikia upande wa pili sahani ikianguka, na mwanamke akicheka. Alikuwa mkewe, Honorine, aliyesimama jikoni akitwanga sombe, yale majani ya muhogo. Alicheka mpaka akalazimika kukaa chini.

Yaliyomchekesha nilisimuliwa baadaye na Honorine mwenyewe, na Honorine ni mtu asiyejua kuongeza chumvi. Mustang ya Uvira ilikuwepo kweli, na ilikuwa nyekundu kweli. Ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Mbula, aliyeinunua Bujumbura kutoka kwa mtu wa ubalozi aliyekuwa akirudi kwao kwa haraka. Kabla hata haijavushwa mpaka, Mbula alikuwa ameshaing'oa injini na kuiuza kando. Wakati mji unapendezwa na lile gari, nguvu za farasi mia mbili zilikuwa zikisaga muhogo Kavimvira. Bodi lake Mbula alilikodisha kwa arusi. Bibi na bwana arusi walikaa nyuma, vijana sita walisukuma, na kwaya nzima ililizunguka gari ikiimba kwa nguvu zote ili wageni wa mbali wasigundue kwamba hakuna kinachonguruma. Usukani alipewa Wilondja, kwa sababu alikuwa na viatu vyeusi na uso usioonyesha aibu. Aliendesha arusi msimu mzima. Honorine alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya, na palipokuwa na mwinuko aliacha kuimba akasukuma.

"Sasa utafanya je?" alimuuliza mumewe, machozi ya kicheko yakimtoka. "Huyu mzee wako iko na moteri kwenye motokari yake."

"Najua," alisema Wilondja.

Kuendesha gari kwa kweli alikuwa amejifunzia hapa hapa Sydney, kwenye Corolla isiyohitaji kubadilishwa gia. Klachi alikuwa hajapata kuikanyaga maishani. Angeweza kusema hivyo. Angempigia Bibiane na kumwambia ukweli kwa sentensi moja, naye Bibiane angenisimulia mimi, nami, sikatai, ningewasimulia wengine kabla chai haijapoa. Kwa hiyo alichagua kujifunza. Siku zilizobaki kila alipotoka kazini alikaa mezani jikoni, kandambili tatu zimepangwa miguuni pake, simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta ikimwonyesha kijana wa mtandaoni anayefundisha gia. Kifuniko cha sufuria kilikuwa usukani. Mchi wa Honorine ulikuwa gia. Honorine alipita huku na huku akimrekebisha, ingawa yeye mwenyewe hana leseni ya aina yoyote.

Siku ikafika. Wilondja alivaa suti. Bibiane alimsaidia Neville kuingia upande wa kulia, mahali ambapo mzee, kwa miaka yote ya gari hilo, hakuwahi kukaa. Mzee alimtazama dereva wake kuanzia viatu kwenda juu, akaonekana kuridhika.

"Bibiane anasema uliendesha moja kama hii milimani," alisema.

"Ilikuwa barabara ya tambarare," alisema Wilondja, na huo ulikuwa ukweli.

Alizungusha ufunguo. Kelele iliyotoka mbele yake ilimfanya aondoe mikono kwenye usukani. Mzee alidhani ni heshima. Jaribio la kwanza gari liliruka kama mbuzi na kuzimika. La pili likaruka, likazimika, na barakoa ya mzee ikampanda machoni. Neville aliishusha taratibu.

"Klachi," alisema, "ni kama mke aliyenuna. Usiiachie ghafla."

Jaribio la tatu gari likatoka gerejini, likashika barabara, likaenda.

Wilondja amenisimulia mitaa ile michache mara nyingi, na kila mara sauti yake hupungua. Anasema mngurumo haukuingia masikioni; ulipanda kutoka kwenye kiti, ukapita kwenye mbavu, ukamkaa kooni. Akaweka gia ya pili, ikakubali. Akaweka ya tatu. Nyumba zilizokuwa kimya tangu mwezi wa sita zilifungua mapazia. Mama mmoja wa Kilebanoni alitoka barazani na ufagio mkononi, akaanza kupiga makofi. Neville alikuwa ameweka kiganja juu ya dashibodi, kama mtu anayempapasa mnyama. Wilondja alisahau kwaya, alisahau Zoom, alisahau kwamba ni mwongo. Wazo lililomjia lilikuwa moja tu: kwamba hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua alichokuwa akikisema, na laiti Honorine angekuwa hapo asikie.

Kisha, kwenye Merrylands Road, mbele kidogo ya taa, mngurumo ulikohoa mara mbili ukakata.

Sababu ilikuwa nyepesi. Mshale wa petroli ulikwama zamani, na Jumapili zote zile za kuwasha na kusikiliza zilikuwa zimekunywa tangi lote gerejini. Mustang ikateleza polepole mpaka ukingoni, ikasimama. Bibiane, aliyekuwa akifuata nyuma na gari lake, akawasha taa za hatari. Nyuma yake likatokea gari la polisi.

Aliyeshuka alikuwa askari wa kike, kijana, pamoja na wanajeshi wawili waliokuwa wamepangwa naye siku hiyo. Alimtazama Mwafrika mwenye suti upande wa kushoto, Mwaustralia mwenye pajama upande wa kulia, na akaonekana kutafuta katika kichwa chake ni amri ipi ya afya inayohusika.

"Sababu ya safari?" aliuliza.

"Chanjo," alisema Neville.

Neno hilo miezi ile lilikuwa na nguvu kuliko pasipoti. Askari alilegea hapo hapo. "Na gari lina nini?"

"Kiu," alisema Neville.

Mmoja wa wanajeshi, mtoto wa mashambani mwenye masikio mekundu, alikuwa ameshaanza kulizunguka gari kimya kimya. Alisema baba yake alikuwa na picha ya gari kama hilo ukutani mpaka alipokufa. Akamwangalia askari. Askari akaangalia kliniki, ambayo bango lake lilionekana kutoka pale, upande ule ule wa barabara. Akaangalia juu pia. Nadhani alikuwa akihakikisha helikopta haipo. "Haya, upesi," alisema.

Wanajeshi wakashika nyuma, mmoja kulia, mmoja kushoto. Askari akasimamisha magari machache yaliyokuwepo. "Ondoa gia, bwana!" yule wa masikio mekundu akapiga kelele. "Unajua kuongoza likisukumwa?"

Bibiane anasema aliona mabega ya Wilondja yakishuka, kama mtu aliyerudi kwao. Viganja viliachia usukani, vikabaki vidole. Kichwa kikainuka. Uso ukawa ule usioonyesha aibu. Mustang ilisogea bila sauti katikati ya Merrylands Road, imenyooka kama uzi, jeshi la Australia likihema nyuma yake, na ndani yake mzee Neville ameketi wima na pajama zake kama bibi arusi. Watu walitoka kwenye duka la mikate na simu zao. Wilondja hakumtazama mtu. Kwenye kona ya kuingilia kliniki hakuligeuza gari. Aliliomba.

"Huyu kweli alishaendesha," Neville alimwambia Bibiane akisaidiwa kushuka. "Kwenye gia ni mbaya kabisa, lakini angalia mikono ile."

Ndani, muuguzi alikuwa Mkenya, Jerotich, dada asiyetaka mchezo. Alimchoma Neville kabla hajamaliza kulalamika. Kisha akageuka. "Na wewe, baba? Umeshachanjwa?"

Hapa lazima niseme kwamba Wilondja alikuwa hajachanjwa, wala hakuwa na nia. Ile video ya kijiko alikuwa ameitazama mara nyingi, na nyingine mbaya zaidi aliyotumiwa na mtu anayemheshimu. Alifungua mdomo kusema atarudi wiki ijayo. Mlangoni, wanajeshi wawili walikuwa wakijifuta jasho na kumtazama kwa upendo. Mtu hawezi kusukumwa na jeshi mpaka mlangoni kisha akakataa sindano. Akavua koti.

"Iliuma?" nilimuuliza baadaye.

"Kuliko klachi, hapana," alisema.

Video zilifika nyumbani kabla yake. Ya kwanza niliyopokea iliandikwa kwamba Mkongo amekamatwa na gari la wizi Merrylands. Baada ya chakula cha jioni ilikuja ile ile kutoka Adelaide, sasa ikisema serikali imempa mkimbizi wetu msafara wa kijeshi kwa utumishi wake bora ghalani. Kesho yake ilitoka Baraka, kule kwao Fizi, na shemeji yake alikuwa analia kwenye ujumbe wa sauti: ndugu yetu amechaguliwa mbunge Australia, atukumbuke. Wilondja alijibu kwamba yeye si mbunge. Shemeji akasema anaelewa, mambo ya usalama hayasemwi kwenye simu.

Jumamosi iliyofuata Zoom ilijaa kuliko Pasaka. Waliingia hata wake zetu, hata watu wa Liverpool, kitongoji kingine cha Sydney, ambao si wa kanisa letu. Kariuki alifungua kwa wimbo, kisha akamwomba Baba Mustang atoe neno. Kabla Wilondja hajasema, Honorine alivuta kiti akakaa mbele ya kamera, kilemba kimefungwa vizuri.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina!"

"Mimi nataka niseme kweli. Ile Mustang ya Uvira haikuwa na moteri. Hata kidogo. Moteri ilikuwa inasaga muhogo. Ile motokari tulikuwa tunasukuma na mikono. Mimi mwenyewe nilisukuma. Bwana wangu alikuwa anashika tu usukani. Njo vile ilikuwa."

Halafu Omollo akaanza kucheka, na Mtanzania akafuata, na ukurasa mzima wa nyuso ukawa meno.

"Mama Ornella!" Kariuki alisema, akifuta macho. "Wewe ni noma! Ati muhogo!"

"Ninasema kweli, Papa Kariuki."

"Mnaona, wazee? Hapo ndipo mnaona unyenyekevu. Mtu amesukumwa na jeshi, dunia nzima imeona, na nyumba yake inasema hakuna kitu. Sisi wengine tungejitapa." Akasogea karibu na kamera. "Hata ile Charger yangu, kule Gilgil, kuna siku jeshi la Kenya liliisukuma. Sikutaka kusema."

"Mimi ile Pontiac," alisema Omollo, "walisukuma wanamaji."

Honorine aliwatazama mmoja mmoja, akainuka, akarudi kwenye sufuria yake. Wilondja alibaki kwenye kamera, mdomo wazi. Alijaribu mara mbili kusema kwamba mkewe hajatania. Mara zote mbili tulipiga makofi. Kisha Zoom ikakatika.

Ungedhani kwamba Neville, akishapata alichotaka, angetulia. Siku chache baadaye, petroli ikiwa imejazwa, alimwambia Bibiane kwamba jino linamsumbua. Baada ya jino yalikuja macho, kisha lile goti, kisha masikio, ambayo kwa kweli yalikuwa yakisikia vizuri kuliko yangu. Mzee aliyekataa kila daktari kwa miaka alipata magonjwa yote kwa mkupuo, alimradi apelekwe kwa Mustang. Msimamizi wa Bibiane alimpongeza kwa barua pepe: mteja ameanza kutoa ushirikiano.

Wilondja ndiye aliyeteseka. Kila alipokuwa na siku ya mapumziko alikuwa kwenye Mustang. Klachi ilimvimbisha mguu wa kushoto. Usukani, injini ikiwa inafanya kazi, ulikuwa mzito kama kuchota saruji. Majira ya kuchipua yalipoingia na joto likaanza, kiti cha plastiki kilimnata mgongoni, na alirudi nyumbani ananuka petroli hata kanzu ya kwaya ya Honorine ikabidi itundikwe chumba kingine. Sisi tulimwonea wivu mpaka tukakosa usingizi. Yeye alianza kumwambia Neville, kwa adabu, kwamba kuna gari linaloitwa Corolla, lina kiyoyozi, gia zinajibadilisha zenyewe.

"Hilo si gari," Neville alimjibu. "Hilo ni friji."

Vizuizi vilipoondolewa mwezi wa kumi, walikwenda mbali kwa mara ya kwanza, mpaka Liverpool, kumwona mtaalamu wa goti. Barabara ilikuwa imejaa tena malori na hasira, kama zamani. Njiani mzee alilala. Wilondja aliendesha taratibu kwenye njia ya pembeni ili asimwamshe, akibadilisha gia bila hata kuitazama, na alipofika hospitalini alizunguka maegesho mara moja zaidi ndipo akasimama. Mtaalamu alisema goti halina tatizo jipya. Neville alisema atatafuta maoni ya mtu wa pili.

Mwezi wa kumi na mbili Queensland ilifungua mpaka na wanawe wakaja. Walimkuta baba yao mzima, meno yamesafishwa, miwani mipya, na shajara iliyojaa miadi. Mkubwa alisema gari sasa liuzwe, barabara zimekuwa hatari. Neville alimwambia aseme na dereva wake. Dereva wake, aliyekuwa sebuleni akipewa chai, alitazama mguu wake wa kushoto, uliovimba, kisha akatazama gereji.

"Bado halijazoea," alisema. "Mngoje kidogo."

Asubuhi iliyofuata alimpeleka Honorine kazini kwa Corolla, usukani kulia, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinapuliza. Kwenye taa za Merrylands Road, mkono wake wa kulia ulishuka kutoka kwenye usukani, ukatafuta gia, ukagonga mlango.

Honorine akamtazama. "Unatafuta nini huko?"

"Hakuna," alisema Wilondja. Taa zikawa za kijani, na magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.